Harusi ya Kixhosa: kwa nini mgeni wa kike azuiwe kukatiza mbele ya zizi?

#1 BintiChumbageni
Wakuu, salaam. Niko Cape Town kikazi. Desemba iliyopita mwenzangu wa ofisini aliolewa, tukamsindikiza hadi ukweni kwake, kijijini mkoa wa Eastern Cape, upande wa Centane ukishapita Gcuwa (Butterworth). Siku ya kwanza ilikuwa kanisani: shela, suti, keki, kama harusi yoyote ya mjini. Siku ya pili ndiyo ikawa harusi yenyewe, wanaiita umtshato wesiXhosa, nyumbani kwa bwana harusi.

Nilipokewa vizuri sana, sina la kulalamika. Ila kuna jambo linanizunguka kichwani mpaka leo. Mji wao umekaa hivi: nyumba za msonge zimejipanga mstari mmoja kwenye mteremko, milango inatazama zizi la ng'ombe lililoko chini kidogo, na katikati pana uwanja. Nilikuwa nafuata maji kwenye tangi, nikashika njia ya uwanjani maana ndiyo fupi. Mama mmoja akanidaka mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba zote, kwa upole kabisa, huku akiongea maneno nisiyoyaelewa. Wakati huohuo mabinti wa pale nyumbani, ndoo kichwani, wanakatiza palepale katikati na hakuna anayewasemesha. Jioni nikamwona bibi harusi naye anapitishwa nyuma kulekule.

Niliowauliza kila mtu alinipa jibu lake. Wenye kujua, nini kinaendelea hapo? Na kwa nini wale mabinti waliachwa?

#2 Mchimba_Riziki
Ng'ombe hao. Jamii nyingi za wafugaji zina mwiko huu: mwanamke aliye kwenye siku zake akikaribia zizi, mifugo inadhurika, maziwa yanapungua. Sasa huwezi kumuuliza kila mwanamke yuko hali gani, kwa hiyo wanazuia wote. Hakuna fumbo hapo.

#3 WifiWaGqeberha
Mkuu Mchimba, na wale mabinti wenye ndoo wao hawaendi mwezini?

Mimi ni wa Marangu, nimeolewa na Mxhosa, tunaishi Gqeberha, ile Port Elizabeth ya zamani. Nilivyofundishwa na mama mkwe ni hivi. Zizini ndiko wazee wa ukoo waliko. Zamani mwenye mji akifa anazikwa kando ya zizi lake, na mpaka leo ukichinjwa mnyama wa tambiko wanaume huongea na wazee wakiwa mle ndani. Uwanja ule unaitwa inkundla, ni wao. Binti wa nyumbani ni damu yao, wanamjua. Mke ametoka isiduko nyingine, yaani ukoo mwingine, kwa hiyo anapita nyuma. Kuzunguka huko kuna jina lake, ukuceza. Ni hlonipha, heshima ya mke kwa wakubwa wa mume wake, haihusiani na unajisi. Mama mkwe wangu mpaka leo hatamki silabi iliyomo kwenye jina la baba mkwe wake, mzee aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Ana maneno mengine ya kuzibia pale, na anayatumia haraka hivyohivyo, hata humshtukii.

#4 Tumbatu_Asilia
Maelezo mazuri bi Wifi, lakini suala bado liko palepale. Dada wa #1 si mke wa mji ule. Ni mgeni tu. Mbona naye kazungushwa?

#5 Asiyeyumba
Kazungushwa kwa sababu ni mwanamke, basi. Mnahangaika kutafuta hekima mahali ambapo kuna ubabe tu.

#6 MtotoWaMazimbu
BintiChumbageni, swali moja kabla sijaandika: ulifika pale na msafara wa bibi harusi au ulikuja kivyako?

#7 BintiChumbageni
Na msafara wake. Tulifika jua linazama, tukapewa nyumba yetu, tukalala humo sote na bibi harusi.

#8 MtotoWaMazimbu
Basi hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu. Ule msafara unaitwa uduli. Uduli una adabu zake: unapewa nyumba, unaletewa chakula hukohuko, hauzururi ovyo mjini mwa watu, na mpaka taratibu zimalizike wanawake wote waliomo wanahesabiwa pamoja na bibi harusi. Yule mama alikuchukulia kuwa ndugu wa bibi harusi. Ungekuja kivyako kama mgeni wa bwana harusi, huenda ungepita na watu wakakaa kimya.

Nisimulie kidogo ninavyoyajua haya. Baba yangu ni Mxhosa wa Cofimvaba. Alikuwa mkimbizi wa ANC, akafundisha shule yao ya Mazimbu pale Morogoro, ile Solomon Mahlangu iliyoanza 1978. Mama ni Mluguru. Walifunga ndoa ya serikali Morogoro. Marufuku ya ANC kule kwao iliondolewa 1990, na 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali yetu. Watu wakarudi kwao, baba akatubeba.

Tulipofika kijijini tulipokewa kwa nderemo. Shangazi zetu walimpenda mama kwelikweli. Lakini hakupewa maziwa ya mji ule. Chai atakunywa, mkate atakula, ila amasi, maziwa ya mgando ya ng'ombe wa nyumbani, hayakuletwa mbele yake, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Ilikaa hivyo miaka kadhaa, mpaka ukoo ulipokaa na kuamua afanyiwe utsiki, tambiko la kumpokea mke kwenye ukoo.

Mbuzi alichinjwa. Mama alikalishwa kwenye mkeka nyuma ya mlango, upande wa wanawake, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi, blanketi mabegani. Akaletewa kipande cha nyama ya kuchoma, haina chumvi, akala. Kisha amasi kwenye kikombe cha bati. Alipokishusha kile kikombe nyumba nzima ililipuka vigelegele, na mzee mmoja akatangaza jina lake jipya, linaanza na No- kama majina mengi ya wake wa Kixhosa. Toka siku ile hakuna aliyemwita jina la Morogoro tena isipokuwa sisi na baba. Na tangu siku ile kwenye maombi ya wazee anatajwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia sherehe hizi ni maonyesho ya ngoma na shanga namsikitikia. Mama yangu mwenyewe alisema kabla ya utsiki aliishi mjini pale kama mgeni aliyekawia kuondoka.

#9 Kapera_Sugu
Uzi mtamu huu. Ila Mazimbu umetuacha njiani: alipita uwanjani baada ya hapo au aliendelea kuzunguka?

#10 MtotoWaMazimbu
Aliendelea kuzunguka. Alikuja kukatiza uzeeni.

#11 Mchimba_Riziki
Asante mkuu, umenipa silaha. Mama amekula amasi, amepewa jina, anatajwa kwenye maombi, na bado anazungushwa. Anaruhusiwa uzeeni, alipokwisha kupita umri wa kuzaa. Kama sababu ni wazee wa ukoo kutomjua, walimjua siku ya utsiki. Kilichobadilika uzeeni ni damu. Nasimamia #2.

#12 WifiWaGqeberha
Uzeeni kinabadilika zaidi ya damu, mkuu. Ameshazaa watoto wa ukoo ule, ameshazika na kuoza kwa jina lile, yeye ndiye anayewafundisha wengine kuzunguka. Kuna familia ninazozifahamu ambako mke analegezewa masharti mapema kwa kuchinjiwa mnyama, akiwa bado anazaa. Hiyo hoja ya damu hapo inasimama wapi?

Sikatai kwamba zamani wasichana wa nyumbani nao walijitenga na ng'ombe wakiwa kwenye siku zao. Lakini huo ni mwiko wa siku chache. Ukuceza ni wa miaka.

#13 Asiyeyumba
Mnapamba. Ngoja niwaambie nilichokiona Mthatha kwenye harusi ya jirani. Mwanamke ana digrii, ana kazi, kalipa nusu ya gharama za harusi. Siku ya pili kavuliwa gauni, kakalishwa sakafuni, uso chini, haruhusiwi kunyanyua macho, wanawake wanaingia kwa zamu wanamwambia vumilia, nyamaza, amka mapema. Mume muda wote yuko zizini na wenzake wanakula nyama. Hakuna aliyemwita pembeni akamwambia naye avumilie. Kisha inaanza ukuhota, kipindi cha kuwatumikia wakwe: makoti (bibi harusi) anafagia kila alfajiri na kuandaa chai za ukoo mzima. Heshima inayobebwa na mtu mmoja mimi naiita mzigo.

#14 WifiWaGqeberha
Hapa nakuunga mkono nusu. Mimi nimekaa nyuma ya mlango, nimehota, nimefagia ua ule nyota zikiwa bado juu. Mavazi hayakunisumbua. Sketi ndefu ya isishweshwe, kitambaa cha pamba chenye nakshi (ile ya chapa ya Three Cats, ya kiwanda cha Zwelitsha, karibu na Qonce), ikiwa mpya inakakamaa kwa wanga na ina harufu yake, ukishaifua mara kadhaa inalainika mwilini kuliko kitenge. Iqhiya (kilemba) kichwani, shali mabegani, na taulo limefungwa kiunoni juu ya sketi. Nilijiona nimependeza, na kila mtu njiani alijua mimi ni nani bila kuuliza.

Kilichokuwa kigumu ni kutojua itaisha lini. Hakuna tarehe. Anayeamua ni wakwe na mawifi. Mama mkwe wangu alikuwa na huruma, akaniachia niliporudi kazini Januari. Nina rafiki aliyehota mpaka akajifungua. Huyo mimi siwezi kumwambia ni utamaduni tu.

Na ule wosia wa wanawake, ukuyala, usiuchukulie kwa wepesi. Kati ya wale wote waliosema vumilia, kuna bibi mmoja aliinama akanieleza mume wangu hurithi hasira za nani na nifanyeje zikipanda, na nyumba ya nani nikimbilie. Hiyo nimeitumia.

#15 Swaleh_Kibokoni
Assalam alaykum wana uzi. Mimi niko Mombasa. Mwezi wa kumi na mbili nimealikwa harusi Dutywa, bwana harusi tulisoma pamoja. Visa si tatizo, sisi Wakenya tangu Januari 2023 tunaingia bila visa, siku 90 kwa mwaka. Kadi ya homa ya manjano ninayo. Nauliza: (a) nyama mtu Muislamu afanyeje, (b) ile pombe yao ukikataa wanaudhika? (c) nipeleke zawadi gani, (d) mavazi. Shukran.

#16 Dereva_Masafa
Karibu sana. Kwanza ondoa habari ya mwaliko kichwani. Harusi kijijini kule haina kadi. Hakuna singo wala dabo, hakuna kamati inayokukimbiza na simu ya mchango. Moshi ukionekana kijiji kizima kinakuja, na vijiji vya jirani, wote wanakula. Wabongo wenzangu hapa hili tu lingewaua kwa mshangao.

Pombe: umqombothi unazunguka kwenye ibhekile, kopo la bati lenye mkono. Kuna mtu maalumu wa kugawa, injoli, anatangaza hili ni la kijiji fulani, hili la wanawake, hili la wageni. Likikufikia lipokee, sema asante, mpe wa pembeni yako. Hakuna atakayekulazimisha. Kosa ni kulipita kama hujaliona. Omba amarhewu, uji wa mahindi uliochachuka kidogo, haulevyi.

#17 Tumbatu_Asilia
Kwenye nyama msimpe ndugu yetu jibu jepesi. Ng'ombe wa tambiko huchomwa mkuki na husubiriwa alie, akilia watu husema "Camagu!" kwamba wazee wamepokea. Mnyama huyo kachinjiwa mizimu. Kwetu hilo halina mjadala, haliliwi.

#18 MtotoWaMazimbu
Shehe, si kila mnyama wa harusi ni wa tambiko. Wa utsiki ana shughuli yake, na wale wengine ni kitoweo cha kulisha watu. Ila kweli, kwa mtazamo wa Swaleh wote wamechinjwa bila bismillahi. Njia ninayoijua: mjulishe mwenyeji mapema, atakupa kuku wa kienyeji uchinje mwenyewe. Wanapenda mgeni anayesema mapema kuliko anayechokonoa sahani. Umngqusho, yaani pure ya mahindi na maharage, uulize kwanza kama umetiwa mifupa, mara nyingi hutiwa.

#19 Mlutheri_Mkavu
Na sisi Wakristo je? Naona watu wanaulizia Waislamu tu. Mimi nilikaa nje wakati wa Camagu, nikaingia wakati wa pilau lao.

#20 Dereva_Masafa
Mlutheri, bibi harusi mwenyewe kafungishwa ndoa kanisani jana yake, na mzee anayesema Camagu ni mzee wa kanisa. Wao wameshamaliza mjadala huo, wewe ndiye umebaki nao nje ya mlango.

#21 Mlutheri_Mkavu
Hawajaumaliza. Kuna walokole wa Kixhosa kibao waliokataa kabisa, utsiki wao ni sala na chai. Uliza upande wa Komani (Queenstown).

#22 Kapera_Sugu
Swaleh zawadi beba blanketi, huwezi kukosea. Sahani na sufuria nazo zinapokewa vizuri. Ila usijifanye unataka binti wa kule, ng'ombe 11 wa mahari watakutoa machozi!

#23 WifiWaGqeberha
Kapera, 11 ni ya Wazulu. Kule Natal mtawala wa Kiingereza, Shepstone, mwaka 1869 aliweka kiwango cha ng'ombe 10 kwa mtu wa kawaida, na yule wa 11 ni wa mama wa binti. Kwa Waxhosa hakuna namba iliyoandikwa popote. Oonozakuzaku, washenga, wanakwenda, wanakalishwa, wanatoa cha kufungulia mdomo (kwa kawaida chupa ya brandi), ndipo mazungumzo yanaanza, na yanaweza kuchukua hata zaidi ya safari moja. Wachumba wenyewe hawamo chumbani. Siku hizi ng'ombe wengi ni pesa zinazoitwa ng'ombe. Na deni haliishi: shemeji zangu bado wanadaiwa na baba yangu Marangu, na yeye anapenda libaki hivyo, wapate sababu ya kurudi.

#24 Kapera_Sugu
Sawa mwalimu 😂 Sasa ndoa inahesabika ni ndoa kuanzia wapi? Mahari, kanisa, au hayo maziwa?

#25 Wakili_Mlalahoi
Kisheria Afrika Kusini wana Sheria ya kutambua ndoa za kimila, Na. 120 ya 1998, imeanza kutumika Novemba 2000. Wote wawili wawe na zaidi ya miaka 18, wakubali, na ndoa ijadiliwe na kufungwa au kusherehekewa kimila. Kuandikishwa kunatakiwa ndani ya miezi 3, lakini kutoandikisha hakuifuti ndoa. Ugomvi mkubwa umekuwa kwenye kumkabidhi bibi harusi kwa wakwe. Mwaka 2019, na tena 2020, Mahakama Kuu ya Rufani ilisema makabidhiano ni muhimu ila kukosekana kwake peke yake hakuui ndoa. Yaani mwanaume akifa, ndugu zake hawawezi kumfukuza mjane kwa kusema tu hukukabidhiwa.

#26 MtotoWaMazimbu
Wakili, ungelijua hili limeokoa wangapi. Mama yetu alikuwa na cheti cha Morogoro, hakuhitaji. Lakini wapo wanawake wa Kitanzania waliowafuata wanaume kule wakiwa na mahari tu mkononi, mume akafa, na ndugu wakaanza kuuliza amasi alikula siku gani.

#27 WifiWaGqeberha
Ndiyo maana siwezi kuiona utsiki kama jambo la mahakama. Mahakama inakupa nyumba. Nani atakuita jina lako msibani?

#28 Asiyeyumba
Mjane mwenye nyumba na asiyeitwa jina analala ndani. Mwenye jina bila nyumba analala wapi?

#29 Swaleh_Kibokoni
Nafaidika sana. Bado (d). Na pia nimesikia mwanamume asiyetahiriwa kwa mila yao haingii zizini. Sisi tunatahiriwa watoto wadogo. Nitawekwa wapi?

#30 Dereva_Masafa
Kwao ulwaluko, yaani jando, ni msituni, ukiwa kijana, na ukirudi ni indoda, mwanaume kamili. Tohara ya hospitali kwa wao wenyewe haihesabiki, asiyepita huko anaitwa inkwenkwe, mvulana, hata awe na mvi. Mgeni wa nje mara nyingi wanamsitiri, watakuuliza kiutani, utajibu, yataisha. Mwenzako uliyesoma naye ndiye wa kukuingiza. Usiingie peke yako.

#31 Mchimba_Riziki
Wabukusu wa kwenu huko wangeelewana nao haraka. Halafu oneni: hata mwanaume haingii hivihivi. Kwa hiyo lile zizi halichagui wanawake peke yao. Asiyeyumba unalo jibu?

#32 Asiyeyumba
Ninalo. Mwanaume anapita mtihani mara moja, anaingia maisha yake yote. Mwanamke mtihani wake ni kuzeeka.

#33 BintiChumbageni
Nawafuatilia wote, asanteni. Nimempigia rafiki yangu nikamsomea #8 na #11. Anasema uduli ni kweli, ila mama mkwe wake amempa sababu nyingine kabisa: siku za harusi watu wabaya ni wengi, na bibi harusi na wenzake wakipita uwanjani nyayo zao zinaweza kuchukuliwa wakafanyiwa uchawi, ndiyo maana wanapitishwa palipo na majani.

#34 Tumbatu_Asilia
Haya, jibu jingine hilo.

#35 Mchimba_Riziki
Na mvua ikinyesha, nyayo za matopeni je?

#36 WifiWaGqeberha
Desemba kule mvua na radi za alasiri ni kawaida. Swaleh beba viatu vya kukanyagia tope, na usiendeshe barabara kuu ya N2 usiku, ng'ombe wanalala barabarani. Suruali ndefu, na koti.

#37 Swaleh_Kibokoni
Koti, na joto la Desemba?

#38 Dereva_Masafa
Koti, hata lile la suti ya zamani. Sehemu nyingi mwenye shati tupu hakaribishwi zizini.